Njoo Nikupe: Ahadi Zetu kwa Watoto



Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, Abu Daud amepokea kisa cha sahaba Abdullah bin Amir. Alipokuwa mtoto, Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mama yake akamwita aje ampe kitu. Mtume akamuuliza mama yule amekusudia kumpa nini. Akajibu kwamba atampa tende. Mtume akamweleza kuwa lau asingempa chochote, angeandikiwa uwongo.

Hapo hapakuwa na mkataba wala fedha. Palikuwa na mama, mtoto na tende. Hata hivyo malaika wanaandika. Sisi husema ahadi ni deni, lakini mara nyingi deni la mtoto tunaliona halina mdai.

Wengi wetu tunaosoma hapa Lilongwe nyumbani kwetu ni Dzaleka, wilaya ya Dowa. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mzazi wa pale huishi kwa ahadi za wengine: subiri mahojiano, subiri jina libandikwe, subiri mgao. Anachopewa na wakubwa, naye humpa mtoto. Mwaka 2023, serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, watoto waliotolewa madarasani waliuliza, "Tutarudi shule lini?" Wengi walijibiwa, "Karibuni, inshallah."

Neno hili tulitazame. Katika Surat Al-Kahf, aya ya 23 na 24, Allah anatufundisha tusiseme kwamba tutafanya jambo kesho bila kuliunganisha na matakwa Yake. Ni neno la mtu aliyeazimia kutenda. Sisi tumeligeuza kuwa njia ya adabu ya kusema hapana. Mtoto akilisikia mara kumi na asione kitu, atajifunza kwamba inshallah maana yake ni "haitakuwa". Tumempotezea imani kwetu, na tumemchafulia neno la Mola wake.

Niruhusuni niseme yaliyonipata mwenyewe. Nilipokuwa darasa la tano, mama alikuwa akiniambia, "Mwaka huu tunaenda Marekani, mwanangu." Nikamwamini. Nikaona Kichewa cha nini, na hesabu za huku za kazi gani? Nikawa naaga asubuhi, kisha nashinda uwanjani.

Mwalimu akamwita mama shuleni. Mama hakujua Kichewa wala Kiingereza, na mwalimu hakujua Kiswahili. Mkalimani nikawa mimi mshtakiwa. Mwalimu alisema nimekosa shule siku nyingi. Nikamgeukia mama, nikasema, "Anasema ninajitahidi, ila nahitaji daftari." Mama akatabasamu, akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Siku ya mgao ilipofika, alipunguza mafuta ya kupikia, akaninunulia daftari.

Daftari lile lilinishinda kuandika. Usiku mmoja nikamwambia yote, huku nikingoja fimbo. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nami nilikuambia tunaondoka mwaka huu. Sikuwa na hakika. Nilitaka ulale vizuri." Kuanzia usiku ule, nikimuuliza jambo asilolijua, hujibu, "Sijui, mwanangu." Jibu hilo halikunivunja moyo hata siku moja. Nilirudi darasani kwa sababu mama yangu alikuwa ameniambia kweli.

Kwa nini nilidanganya mbele ya mwalimu? Niliogopa. Nilikwisha kuona wenzangu wakisema kweli na kuchapwa kwayo, shuleni kisha nyumbani. Mtoto akiadhibiwa kwa kusema kweli, hujifunza kuficha. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu utotoni, na ametuhadithia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata "uff", wala kuulizwa kwa kukemewa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Je, Anas aliharibika kwa upole huo? Alikuwa miongoni mwa masahaba waliotufikishia Hadithi nyingi zaidi.

Tena tazameni Surat Yusuf. Kijana ameota ndoto nzito, anamwendea baba yake. Nabii Yaakub (a.s.) hakumcheka, wala hakumwambia ana shughuli. Alimwita mwanangu, akamwonya juu ya hatari iliyokuwa ndani ya nyumba ileile. Mtoto wa leo mwenye jambo zito, labda kuna mtu mzima anayemtisha njiani, atamwendea nani ikiwa jana alikuja na jambo dogo tukamfukuza?

Ndugu zangu, wengi wetu bado hatujawa wazazi, lakini sisi ni kaka na dada, na wengine tunafundisha madrasa Jumamosi. Basi tuanze na haya.

Ukipanda minibasi kurudi Dowa, kumbuka ulichomwahidi mdogo wako kwa simu. Kama ni kalamu, beba kalamu. Kama huna, mwambie kabla hajauliza.

Mwanafunzi wa madrasa akikiri kosa, mshukuru kwa kusema kweli, kisha mrekebishe kosa.

Na mzazi akiitwa shuleni, mmoja wetu anayejua Kichewa na Kiingereza afuatane naye. Tusimwachie mtoto atafsiri kesi yake mwenyewe. Ni saa moja tu ya muda wetu, na humwezesha mama na mwalimu kusikilizana.

Surat As-Saff, aya ya 2 na 3, inawaonya waumini wanaosema wasiyoyatenda. Onyo hilo halikumtoa mtoto katika hesabu.

Ewe Mola wetu, tufanye wakweli kwa wadogo kama tunavyotaka wakubwa wawe wakweli kwetu. Wape wazazi wetu subira katika kungoja kwao, na uwalinde watoto wetu nyumbani, njiani na shuleni. Amin.

Wabillahi tawfiq.