Sidaiwi na Mtu

Katika Sikukuu ya Mavuno iliyopita, watu wa mtaa wetu walipokuwa wakipeleka mbele ya madhabahu madebe ya mtama, kuku, karanga na maboga, kijana mmoja alibaki ameketi. Baada ya ibada nilimwuliza sababu. Akanijibu kwa adabu: “Mzee wangu, nitoe kwa ajili gani? Shamba nalima mwenyewe, ng’ombe nakamua mwenyewe, nyama nawinda, hata mkate mke wangu anaoka nyumbani. Mimi sidaiwi na mtu.”

Kijana huyu si mlevi wala si mvivu. Ni mchapakazi kuliko wengi hapa Ugogo, na ndiyo maana neno lake halikunitoka moyoni. Lingesemwa na mvivu, ningelicheka na kwenda zangu.

Wasomaji wapendwa, tusiharakishe kumhukumu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, tangu mtu mmoja na nyumba kumi hadi taifa zima. Mtume Paulo naye aliwahimiza Wathesalonike watende kazi kwa mikono yao wenyewe (1 Thes. 4:11). Mtu anayejilisha hawalemei jirani zake, na hiyo nayo ni namna ya upendo. Lakini je, mtu aweza kujilisha mpaka afike mahali pa kusema kwamba hadaiwi?

Tuanze na uwindaji. Mnyama wa porini hakulishwa na mwindaji, wala hakuchimbiwa kisima naye. Torati ilimwamuru mwindaji aimwage damu ya mnyama na kuifunika kwa mchanga (Walawi 17:13), apate kukumbuka kwamba uhai ule haukuwa mali yake. Tena aliyekuta ndege ameatamia aliruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende zake (Kumb. 22:6-7). Siku hizi Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yataka mwindaji awe na kibali, na wako wanaonung’unika kwamba babu zao hawakuomba ruhusa kwa mtu. Basi na wakumbuke pia kwamba babu zao, wakirudi na swala, hawakufunga mlango wakamla peke yao. (Nimeona wenye kibali wasiogawa nyama, na wagawao nyama wasio na kibali, sijui nianze kumkemea yupi.)

Mkate wa nyumba ile nimeula, nao ni mtamu sana. Mama huuoka katika sufuria yenye mfuniko, makaa chini na makaa juu, na harufu yake hufika barabarani. Lakini nchi yetu hii ni ya mtama na uwele. Ngano yalimwa kwenye nyanda za juu, kama kule Basotu katika Hanang, na nyingi zaidi huletwa kwa meli kutoka nchi za nje. Hamira imetoka dukani. Chumvi imetengenezwa na watu wengine, labda wa pwani, labda wa Uvinza. Mtu atasema, “Nimevilipia vyote.” Ni kweli, na mwenye duka hamdai. Lakini fedha haikuilima ile ngano, na siku lori lisipofika, fedha mfukoni haifanyi mkate uumuke.

Babu zetu walilijua jambo hili kuliko sisi, maana waliiona njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920. Njaa ile haikuletwa na uvivu. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo, na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua nayo ikakosa. Nyumba zilizokuwa zikijitosheleza kwa kila kitu zikatawanyika. Mfugaji mwenye busara katika Ugogo hakuweka ng’ombe wake wote katika zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa rafiki wa mbali, naye akatunza wa rafiki, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, asiishiwe kabisa. Mtu yule alijifunga kwa madeni kwa makusudi, akadai na kudaiwa kila upande, na watu wakamwita tajiri.

Nami ninalo langu la kusema. Mwaka 2006, baada ya mvua kukosa, alikuja kwangu mama mmoja wa kijiji cha jirani kuomba mtama. Ghalani nilikuwa na magunia manne. Nikamwambia kwamba Paulo amesema asiyefanya kazi asile, basi aje kesho anitengenezee ua. Akanishukuru, akaondoka, wala hakurudi. Baadaye niliyasoma tena maneno yale (2 Thes. 3:10) nikaona kwamba Paulo anamsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Mama yule alilima. Mtama wake ulikauka shambani kama wa wengine. Katika magunia yangu manne, moja liliharibiwa na wadudu.

Mtu ataniuliza: je, watoto wangu walale njaa ili nimlishe mgeni? Swali hili ni gumu, na kisa cha mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17) hakilipunguzi ugumu. Mama yule alikuwa na unga wa konzi moja, akaoke mkate, ale na mwanawe, kisha wafe. Eliya akamwomba amtengenezee yeye kwanza! Nimekisikia kikihubiriwa mara nyingi, na kila mara twakimbilia ule unga usiokwisha, wala hatukai kidogo na mama yule alipokuwa bado hajui kwamba hautakwisha.

Sithubutu kumwambia baba wa watoto amwage ghala lake lote. Torati yenyewe haikudai hivyo. Ilidai pembe za shamba zisivunwe, na masazo yasiokotwe, viwe vya maskini na mgeni (Walawi 19:9-10). Angalieni kwamba pembe ile haikuhesabiwa kuwa zawadi ya mwenye shamba. Ilikuwa ni ya maskini tangu mbegu ilipoingia ardhini, na aliyeivuna alikuwa akivuna cha mwenziwe.

Juma lililopita nilimweleza kijana yule habari ya mama wa mwaka 2006. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nilimtafuta baadaye. Nikasema sikumtafuta. Akauliza ni kijiji gani, nikamtajia. Si mbali, ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Tumekubaliana kwenda pamoja Jumamosi.