Deni la Msomi

Mkulima wa Njombe apelekaye viazi Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwenda Songea, huenda asikanyage kamwe Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo kodi yake imo katika kuta zake. Je, msomi anadaiwa nini na mkulima huyo?

Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai 1970 kikajitegemea, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake.

Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kulitumikia Taifa miaka miwili huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu aliwafukuza karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nalo likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu.

Wako wasemao, basi, kwamba deni la msomi ni utii. La hasha! Vijana wale hawakukosa kwa kuhoji Serikali. Walikosa kwa kutetea mifuko yao, wakamsahau mkulima. Chuo kikiwa mali ya Taifa, wanaokitawala hawana budi kumwachia msomi uhuru wa kusema kweli, naye autumie kwa ajili ya aliyemlipia. Aliyenyamaza mbele ya dhuluma apatayo mkulima hajalipa deni, hata awe mtiifu namna gani.