Hukumu ya Damu na Ghadhabu za Watu

 

Hapana kesi iliyo nzito kwa kadhi kama kesi ya damu, na katika kesi za damu hapana iliyo nzito kama ile aliyouawa mtu mkubwa wa nchi. Mwizi wa kuku akikamatwa, kadhi huachiwa nafasi ya kuuliza na kusikiliza. Lakini akiuawa mtawala, watu huwa wamekwisha kukata hukumu sokoni na barazani kabla kadhi hajaketi kitini kwake, na mwenye kusema, "Leteni ushahidi kwanza," huambiwa kuwa naye ni mwenzao. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida amewakataza waumini wasiache uadilifu kwa sababu ya chuki yao juu ya watu. Amri hii haikuteremshwa kwa ajili ya wapendwao, kwani kumfanyia insafu umpendaye si kazi.

Mtume, s.a.w., mwenyewe aliletewa kesi ya namna hii. Katika wakati wa sulhu na watu wa Khaibar, Abdallah bin Sahl, mmoja katika Ansari, alikutwa ameuawa huko, katikati ya Mayahudi, na jamaa zake wakaja Madina kudai damu yake. Nguvu zote zilikuwa mikononi mwa Mtume, na walioshitakiwa walikuwa watu waliompiga vita jana. Jee, aliwahukumu kwa dhana? La. Aliwauliza wenye kudai kama wataweza kuapa viapo 50. Wakajibu kuwa hawawezi kuapia jambo wasilolishuhudia. Akawaambia kuwa Mayahudi basi wataapa na kujitoa katika tuhuma. Wakavikataa viapo vyao. Hapo Mtume akalipa dia mwenyewe, ngamia 100, ili damu ya maiti isipotee bure, wala asichinjwe mtu ambaye kosa lake halikuthubutu.

Lakini kesi iliyowatia sahaba katika mtihani mkubwa zaidi ni ile ya Hurmuzani. Huyu alikuwa jemadari wa Kifursi aliyetekwa Tustar, akaletwa Madina mbele ya Sayyidna Umar, r.a., kisha akasilimu, akakaa mjini akipewa posho ya dirham 2,000 kwa mwaka. Mwaka 644, Abu Lu'lu'a, mtumwa wa Mughira bin Shu'ba, alimpiga Sayyidna Umar jambia katika sala ya alfajiri, na Umar akafa kwa majeraha yale. Abdurrahman bin Abi Bakr akasema kuwa alimwona muuaji huyo kabla ya siku ile akinong'ona na Hurmuzani na Mnasara mmoja aitwaye Jufaina, na walipoinuka ikaanguka kati yao jambia yenye makali mawili.

Ubaidullah, mwana wa Umar, aliposikia haya hakungoja kadhi. Alichukua upanga akamwua Hurmuzani, akamwua Jufaina, kisha akamwua binti mdogo wa Abu Lu'lu'a. Msomaji na apime: ya wale wawili palikuwapo neno la shahidi mmoja, nalo ni neno la mnong'ono na jambia, si la kuua; na mtoto yule palikuwapo nini juu yake illa jina la baba yake? Ndivyo hasira ilivyo. Huanza kwa mtuhumiwa ikaishia kwa mtoto. Sa'd bin Abi Waqqas ndiye aliyemnyang'anya upanga, akafungwa mpaka apatikane Khalifa.

Sayyidna Uthman, r.a., alipobaiwa, kesi ya kwanza iliyomkabili ilikuwa hii, naye akataka shauri la sahaba. Sayyidna Ali, r.a., alitoa rai kuwa auawe, kwani amewaua watu pasi na haki. Wengine wakaona ni jambo zito mno, jana auawe Umar na leo auawe mwanawe. Na maneno haya si ya wapumbavu. Ni maneno ya watu wenye msiba, na kila mwenye moyo huyafahamu. Mwisho wake Uthman alisema kuwa waliouawa hawana walii illa yeye, akaifanya hukumu kuwa ni dia, akailipa katika mali yake. Wapo wapokezi wasemao kuwa alimtoa Ubaidullah kwa mwana wa Hurmuzani, naye akasamehe. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika hayo, lakini hapana katika mapokezi haya mawili aliyesema kuwa damu ya Mfursi yule ni bure kwa kuwa aliyelipiziwa ni Khalifa.

Wala mambo haya si ya Madina tu. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Unguja, na kesi yake ikasikilizwa mwaka 1973 na 1974. Washitakiwa walisimama bila ya wakili wa kuwatetea, na baadhi yao wakalalamika kuwa maneno yao yalitolewa kwa mateso, hali ya kuwa katika fiqhi ikirari ya mwenye kutenzwa nguvu haina hukumu. Abdulrahman Muhammad Babu alikuwa amefungwa Bara, na serikali ya huko ilikataa kumpeleka. Akahukumiwa kufa naye hayupo, kisha akafunguliwa mwaka 1978. Na Mtume alipompeleka Ali Yaman kuwa kadhi alimwusia asikate hukumu baina ya mahasimu wawili mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Kumwua Karume ilikuwa dhulma; lakini dhulma ya muuaji haimpi kadhi ruhusa ya kuziba sikio moja.

Yule Ali aliyetoa rai juu ya mwana wa Umar, zamu ilimfika yeye mwenyewe mwaka 661, Ibn Muljam alipompiga upanga wenye sumu mjini Kufa. Alikuwa Khalifa, na jamaa zake wamejaa nyumbani wakingoja neno moja tu. Aliwausia kuwa akipona atajua mwenyewe la kufanya, na akifa basi apigwe muuaji pigo moja kwa pigo moja, asikatwe viungo, wala wasiingie mitaani kumwaga damu za watu kwa kisingizio cha kuwa Amiri wa Waumini ameuawa. Kisha akaamrisha mfungwa yule alishwe na anyweshwe.