Misumari Miwili na Uzi wa Fundi

Vijana wa Rujewa, tuanze na hesabu. Uwanja wa kawaida wa gofu wenye mashimo 18 humpa mchezaji mikwaju 72. Kati ya hiyo, 36 imetengwa kwa kazi moja tu: kuusukuma mpira uingie shimoni ukishafika kwenye majani mafupi yanayolizunguka shimo. Nusu nzima! Ule mkwaju mrefu unaopigiwa makofi kwenye televisheni huhesabiwa mmoja, na ule wa sentimita 60 nao huhesabiwa mmoja. Huu mfupi hauhitaji misuli wala kadi ya uanachama. Unahitaji mita 3 za ardhi tambarare.

Mita 3 mnazo. Wilaya nzima ya Mbarali inajua sakafu za kuanikia mpunga kwenye mashine za kukoboa. Uwanja wa nyumbani wa udongo ulioshindiliwa na kufagiwa nao unafaa. Na asije mtu akawaambia kwamba bila majani ya kukatwa kwa mashine hakuna gofu. Zamani viwanja vingi Afrika Mashariki vilikuwa na mchanga uliochanganywa na oili kuzunguka shimo, na watu walishinda vikombe hapo hapo.

Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108. Chama cha R&A cha St Andrews, Uskoti, kilikifanya kipimo hicho kuwa kanuni mwaka 1891, na inasimuliwa kwamba asili yake ni kipande cha bomba kilichotumika kutobolea mashimo kule Musselburgh. Basi nenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, omba kipande cha bomba la inchi 4. Tofauti ni ndogo mno.

Sasa njoo kwenye kifaa chenyewe: misumari miwili na uzi. Unapoupiga mpira, mwelekeo wake huamuliwa zaidi na uso wa fimbo pale unapougusa, kuliko njia ambayo fimbo imepita. Uso ukipinda nyuzi 1 tu, umbali wa mita 3 mpira utakuwa umehama sentimita 5 na ushei, yaani karibu nusu ya upana wa shimo. Ukipinda nyuzi 2, umekosa. Jicho haliwezi kuuona mpindo huo. Misumari inauona.

Chukua uzi wa fundi mwashi, uvute kutoka mpira ulipo hadi katikati ya shimo. Huo ndio mstari wa ukweli. Sentimita 40 mbele ya mpira, chomeka misumari miwili, mmoja kila upande wa uzi, nafasi kati yao iwe sentimita 5.5. Mpira una upana wa sentimita 4.3 hivi, kwa hiyo lango ni jembamba, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Ondoa uzi, piga. Mpira ukipita bila kugusa msumari, na kasi ikiwa nzuri, utaingia shimoni. Ukigusa, umepata jibu papo hapo: msumari wa kulia ukilia, uso wa fimbo umefunguka kwa mpigaji wa mkono wa kulia; wa kushoto ukilia, umefungika. Kwenye saruji tumia vipande viwili vya tofali.

Madukani nje ya nchi vinauzwa vioo, mazulia yenye mistari na taa za kulengea. Sivikatai, ila vingi vinakuonyesha ulivyosimama. Lango linakuonyesha ulichofanya. Tiger Woods, mwenye mataji makubwa 15, anajulikana kwa zoezi la vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini, fimbo ipite katikati. Tajiri kiasi hicho, na bado vijiti!

Mtakosa, tena sana. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani hukosa karibu nusu ya mipira kutoka mita 2.4. Wanachowazidi nacho wengine ni kwamba kila kosa wanalijua limetoka wapi. Kumbuka pia kwamba kanuni za gofu hukataza kuweka kitu chochote chini cha kukusaidia kulenga wakati wa mashindano. Kwa hiyo piga na lango, kisha ling'oe upige bila lango, mpaka mikono ikariri.

Na msiseme gofu ni ya Dar es Salaam na Arusha. Mufindi, kwenye mashamba ya chai, gofu inachezwa. Madina Iddi ametoka hapa hapa Tanzania akaenda kutwaa ubingwa wa wanawake nchi za nje. Wachezaji wengi wa kulipwa wa ukanda huu walianza kama makedi, wakibeba mifuko ya wenzao kabla ya kushika fimbo zao.

Walimu wa michezo wa Rujewa, nanyi mnaweza: fimbo fupi moja iliyotumika na mipira michache inatosha darasa zima kupokezana. Kijana, usisubiri uwanja ujengwe. Jumamosi hii nunua misumari, azima uzi kwa fundi, ufagie uwanja, uanze.