Kunong'ona Jibu: Ni Huruma?

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Daktari akimuuliza, tunamjibia. Akisita, tunamsaidia maneno. Desturi hii tumekuja nayo ughaibuni, nayo ni njema. Lakini upo wakati inapotubidi tuitafakari.

Tuchukue mfano wa ugonjwa wa maltipo sklerosisi, uitwao kwa kifupi MS. Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Wengi tunajua unavyodhuru miguu na macho. Hata hivyo, mwaka 1868 daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alikwisha kueleza kwamba kumbukumbu nayo hudhoofika, na fikra huenda polepole. Hayo hayaonekani kwa macho, ndiyo maana hupimwa. Katika kipimo kimoja, mgonjwa huonyeshwa michoro midogo 9, kila mmoja na tarakimu yake. Kisha kwa sekunde 90 hutaja tarakimu za michoro iliyopangwa mbele yake.

Tangu janga la korona la 2020, kliniki nyingi zimekuwa zikipima hivi kwa njia ya video, mgonjwa akiwa nyumbani. Kwa mtu anayechoka upesi ni nafuu kubwa. Lakini nyumbani ndiko tuliko sisi. Mama anasita mbele ya kompyuta, na mwanawe aliyekaa pembeni analijua jibu. Akimnong'oneza, amemsaidia?

Amemwepusha na aibu, na aibu si jambo dogo. Ila katika kipimo hicho, kushuka kwa alama 4 tu huwafanya wataalamu washtuke. Majibu manne ya huruma yatosha kuificha hali yake, na matibabu yakabaki vilevile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; hapa mgonjwa hakuficha, tumemfichia sisi.

Na kama kinachomkwamisha ni Kiingereza? Basi tuseme waziwazi, aletewe mkalimani. Huko ni kumtetea. Kunong'ona ni kumsemea uongo ambao hakututuma.

Kwa hiyo tumwashie kompyuta, tumwekee maji, tutoke na kufunga mlango. Kumpisha si kumtelekeza. Ni kukiri kwamba akili ile ni yake, hata inapodhoofika, na mwenye haki ya kuieleza ni yeye. Akimaliza, turudi tukae naye.