Je, Mwalimu Hutiiwa Katika Yote?

Msomaji kijana, ukimpenda mwalimu wako, je, umekubali kwa upendo huo kila neno alilokufunza? Swali hili nililetewa na msichana mmoja katika darasa langu hapa Mtongwe, siku tuliyosoma utendi wa Mwana Kupona binti Msham. Alifunga kitabu akasema, "Mwalimu, bibi huyu ataka tuwe wajakazi wa waume zetu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu tayari.

Mwana Kupona alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka wa Siyu, aliyeyapinga majeshi ya Sayyid Said wa Unguja. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, mjane huyu akiwa hoi kwa maradhi, alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Chumba cha mgonjwa kikawa darasa, na beti 102 zikawa somo lake.

Katika beti hizo amehimiza dini, adabu, ulimi mwema, na kumpa mhitaji upesi. Amehimiza pia radhi ya mume, kwa kirefu. Tena amemwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Hapo, msomaji, mimi nami nasimama, siwezi kumfuata. Wako wasemao kuwa hayo yalikuwa mambo ya zama zake, na kweli utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Lakini udhuru huo haunitoshi. Watumwa nao waliishi zama zile zile, na uchungu wao waliujua bila kungoja sheria.

Basi tumtupe? La. Tazama alilolitenda kando ya alilolisema. Mwanamke aliyehimiza utii hakunyamaza. Alishika elimu, akaipima mizani na vina, na mwisho wa utendi wake hakumsemeza tena binti mmoja. Aliwaita wanawake wote wasome na wafahamu maana. Awezaye kusoma na kufahamu aweza pia kukataa. Sijui kama alilikusudia hilo. Mtoaji wa ufunguo hachagui milango yote itakayofunguliwa kwao, na yule msichana wangu asingaliuliza neno lake kama asingalisoma.

Sikumwambia hayo yote siku ile, kengele ililia. Nilimwagiza tu aandike jibu lake kwa Mwana Kupona, na liwe utenzi, mizani minane kila mshororo, ili ajue uzito wa kazi anayoikosoa. Alinuna. Juma lililofuata aliniletea beti nne. Mbili vina vyake vimevunjika, na katika ubeti wa tatu anakataa wazi wazi kuitwa mtiifu. Lakini ubeti wa kwanza umeanza kwa salamu, na ndani yake amemwita Mwana Kupona "mama".