Popo wa Pemba na Mwenye Mwembe

Wasomaji wetu, hasa vijana wapendao kujua habari za viumbe, huenda wakashangaa kusikia ya kuwa wageni wafikao Chake Chake kutoka nchi za mbali huulizia popo.

Hatuneni wale wadogo wakaao mapaani mwa nyumba. Popo wa Pemba akikunjua mabawa yake, toka ncha hata ncha yafika kadiri ya futi 5, na uso wake ni kama wa mbweha. Wale wadogo huongozwa gizani na mwangwi wa sauti zao wenyewe. Huyu hana elimu hiyo, hutumia macho na pua kama sisi. Bawa lake kwa kweli ni mkono: vidole virefu vilivyotandwa ngozi. Huzaa, hunyonyesha, na mtoto humkumbatia mamaye angali akiruka. Hulala akining'inia kichwa chini wala hachoki, kwa kuwa kano za miguu yake hujifunga zenyewe kwa uzito wa mwili.

Wako wasemao kwamba popo hutoa uchafu kinywani. Sivyo. Hutafuna tunda, hufyonza maji yake, kisha hutema makapi. Na mtu aliye chini ya mti akiona yaangukayo hudhani ni mavi. Akitaka haja kweli hujigeuza kwanza, akashika tawi kwa vidole gumba, kichwa kikawa juu. (Tumewaona watu wasio na adabu kama hiyo.)

Nasaba yake nayo ni ya ajabu. Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Ushelisheli na Madagaska, hata Bara Hindi. Katika bara la Afrika hawamo kabisa. Na yeye mwenyewe haonekani po pote duniani ila Pemba. Mtaalamu Mjerumani, Matschie, alimwandika mwaka 1909, akampa jina la mwenzake Voeltzkow.

Basi, kiumbe asiye na kwao pengine, je, wamwiao nini watu wa kisiwa chake? Zamani waliwinda nyama yake, na misitu ikakatwa, hata mwisho wa miaka ya 1980 popo walioonekana walikuwa wachache tu. Ndipo vijiji vilipopatana kuwalinda na watoto wakafundishwa shuleni. Ilipofika 2007 hesabu yao ilikaribia 20,000. Huko Kidike, kaskazini ya mji wa Chake Chake, mgeni hulipa ada awatazame wakining'inia mchana kutwa.

Ukiuliza kwa nini alindwe, wengi hujibu: ana faida. Hubeba mbegu za msitu, na huleta fedha za wageni. Jibu hili ni la kweli, walakini ni fupi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia wasafiri, je, thamani ya popo ilipungua siku ile ile? Twaona haikupungua. Tena baadhi ya makao yake yalikuwa miti ya makaburi ya kale, ambayo watu waliiacha kwa heshima ya wafu wao, bila kumfikiri popo wala kutazamia malipo. Heshima ile ilimfaa kuliko hesabu yo yote ya faida.

Lakini tusimsahau mwenye mwembe. Yeye amepalilia, amengoja msimu, na usiku mmoja kundi lafika na kumwachia makapi. Ni rahisi mtu wa mbali kumpenda popo, maana hapotezi hata embe moja. Mwembe huzaa tena mwakani, na popo akiisha hazaliwi tena. Kwa hiyo twasema popo aachwe. Bali si haki sifa iwe ya kisiwa kizima na hasara iwe ya mtu mmoja. Ikiwa kuna ada mlangoni, sehemu yake imfikie huyo ambaye maembe yake ndiyo chakula cha popo wale. Na hata kabla ya hapo, akiyachuma yaliyopevuka kabla hayajaiva, akayavundika ndani, popo hupita mtini bila kupata kitu, akaenda zake msituni kutafuta kuyu.